Harufu ya Upepo wa Tairi

Fundi akifungua valvu ya tairi karibu nami, upepo ule wa baridi wenye harufu ya mpira hunirudisha nyumbani kwetu, kilimani juu ya mji wa Bwera. Nilikuwa msichana mdogo. Kila asubuhi baba alibonyeza tairi za baisikeli yake kwa kidole gumba, nami nilitaka sana kujua kilichomo ndani. Siku moja nilibonyeza valvu, nikanusa mpaka tairi ikalala.

Kumbe ndani ya nyumba mama ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Baba alitoka naye akimwegemeza, akaiona tairi.

“Nani alitoa upepo?”

“Ni mimi, baba. Nilitaka kunusa.”

Hakunipiga. Alikimbia kwa jirani yetu, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, ng’ambo ya mpaka, akarudi na pampu, akanitupia.

“Jaza!”

Nilijaza huku nalia. Baba alibonyeza. “Bado.” Nikaongeza. “Bado.” Mwishowe akasema, “Sasa iko sawa.”

Mama alipandishwa kwenye keria, nyuma ya kiti cha baba. Akaniinamia, jasho likimtoka.

“Iko na harufu gani?”

“Kama nyumba ilifungwa siku mingi.”

Akacheka, akauma mdomo, kisha yeye na baba wakateremka kilima kwenda zahanati. Mdogo wangu alizaliwa mlangoni mwa zahanati, kabla mkunga hajavaa glavu.