Mhazini Elphas na Kipengele cha Nne

Elphas Mudogo alikuwa dereva wa familia moja ya Al-Malqa, Riyadh, lakini Wakenya wenzake walimjua kwa cheo: Mhazini. Tangu 2011 ndiye aliyeshika fedha za chama chao cha kufa na kuzikana. Wenyeviti watatu walikuja wakaenda, yeye akabaki. Kila uchaguzi, Ijumaa, katika chumba cha walinzi wa maghala ya Al-Sulay, alisoma daftari lake mpaka halala, senti ya Saudia, ya mwisho, na mikono ikainuka yote.

Nguvu yake ilikuwa kipengele cha nne cha katiba, alichokiandika mwenyewe baada ya mhazini wa kwanza kutoroka na michango: fedha ni za kusafirisha maiti tu.

"Aliye hai ana mdomo wa kuomba," alizoea kusema. "Maiti hana."

Watu walicheka, wakampa kura.

Julai 2017 madam wa nyumba ile alipeleka watoto likizo Jeddah, Elphas akiwaendesha. Hukohuko akapigiwa simu na Ashley, mfanyakazi wa nyumbani aliyepanga chumba Bani Malik, mtaa wa Jeddah.

"Mhazini, tuna mwanachama hapa amezidiwa. Njoo ujionee."

Alikuwa Jael, mama wa watoto wawili kutoka Vihiga, aliyemkimbia kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, miezi mitano nyuma. Elphas alimkuta kwenye godoro, miguu imemvimba, uso umejaa maji. Ikama yake, kibali cha kuishi nchini, ilikuwa imekwisha. Kliniki moja ya kulipia ilikubali kumtibu, ila ilitaka kwanza riali elfu tatu.

"Nimechanga miaka mitatu," Jael alisema. "Sijachelewa hata mwezi. Angalia daftari."

"Najua, dada. Jina lako ni safi."

"Basi nipeni hizo pesa nikiwa bado nina macho ya kuziona."

Akaunti ya chama ilikuwa kwa jina la Elphas. Kadi ilikuwa mfukoni mwake. Alitoka hadi kwenye ngazi akampigia mwenyekiti, Stephen.

"Ukimpa huyo, kesho watakuja arobaini," Stephen alimwambia. "Na uchaguzi ni Septemba. Naftali anakitaka kiti chako, anangoja uteleze tu."

Elphas alirudi ndani. Alitoa riali mia mbili zake mwenyewe, akaahidi kuitisha kikao Ijumaa.

"Ijumaa ni mbali," Ashley alisema. Hakumwangalia.

Jael alifariki Jumatano asubuhi. Chama kikalipa riali elfu kumi na moja, na kwa sababu ya karatasi zake, maiti ilikaa wiki saba kabla ya kupakiwa kwenye ndege. Elphas alitia sahihi kila risiti. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Siku ya uchaguzi alisimama bila daftari.

"Kipengele cha nne kifutwe," alisema. "Tulinyima elfu tatu, tukatoa elfu kumi na moja. Na mtu hatunaye."

Naftali, mlinzi wa ghala la matairi, aliruka juu. "Mmemsikia? Anataka mlango ufunguliwe apite na pesa kama yule wa kwanza!"

Minong'ono ikaenea chumba kizima. Watu waliomwamini miaka sita wakaanza kutazamana. Mikono kumi na tisa tu ndiyo iliyomuunga mkono. Kiti kikaenda kwa Naftali, kipengele kikabaki. Kesho yake Elphas alihamishia fedha zote kwenye akaunti ya Naftali, na watu watatu wakasimama nyuma yake kwenye mashine ya benki wakihesabu.

Jioni ile alimpigia mama yake Jael, huko Vihiga. Alimweleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa mhazini, kwamba kadi ilikuwa mfukoni mwake, kwamba angeweza.

Mama aliuliza jambo moja tu.

"Siku hiyo ulipomwona, alikuwa amekula?"

Elphas alijaribu kukumbuka kile chumba: godoro, dirisha, Ashley mlangoni.

"Sikumuuliza, mama," alisema.

"Haya," mama akajibu, na simu ikakatwa.