Norwei wamejua kabla ya jirani

Leo swali moja kutoka Norwei limetunyamazisha darasa zima.

Wanafunzi wangu hapa Mang'ola wamekuwa wakichunguza maji ya mto wetu, na leo walikuwa wanawaeleza wenzao wa huko kwa video. Walijipanga, jamani! Wakaonyesha hadi picha za chupa za dawa ya kuulia wadudu wa vitunguu zilizotupwa mtoni. Wenzao wakapiga makofi. Mimi mwalimu kichwa kimevimba.

Ndipo binti mmoja wa kule akauliza: "Wanaokunywa hayo maji walisemaje mlipowaambia?"

Wanafunzi wakanigeukia mimi.

Hatukuwa tumewaambia. Habari tumeivusha bahari, na majirani wa bondeni, tunaosalimiana nao kila asubuhi, hawajui kitu.

Wengine walipotoka, Paskalina alibaki. Baba yake analima vitunguu kule juu, mto unakoanzia kuingia mashambani.

"Mwalimu, twende wote nyumbani tukamwambie baba. Nikienda peke yangu, baba ataniuliza sare niliyovaa imetoka shamba gani."

Kesho naenda naye.

Baba yake huyo, kila nikipita kwake, hunifungia vitunguu vya kubeba.

Nianzie wapi, wenzangu?