Tairi Zilizopikwa kwa Ibada

Mimi ni mtu wa malori. Miaka tisa nilivalisha tairi za malori mpira mpya katika kiwanda kimoja cha Pinetown, na tairi ya lori haitaki mapambo, inataka kuwa ngumu tu. Kiwanda kilipofungwa nilitoka na mikono yangu na hasira, maana hata neno la kwaheri hatukuambiwa. Tukachukua kila tulichokuwa nacho, mimi na mke wangu, tukanunua tanuri kuukuu la mvuke na kalibu moja ya chuma, nikatangaza kwamba nitatengeneza tairi za magari ya mashindano. Nasema yale yanayokimbia mawili mawili kwenye mstari ulionyooka, sekunde chache tu, mchezo umekwisha. Durban imejaa wapenzi wa mbio hizo, na tairi zao zinatoka ng'ambo. Nilijiona nina akili kuliko wote.

Wa kuzijaribu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, fundi wa injini aliyekuwa akiishi chumba kimoja kule mtaa wa Point na gari alilolijenga mwenyewe kwa vyuma vya kuokoteza. Kila jozi niliyompa ilimtia aibu. Taa ikiwaka kijani mwenzake anaondoka, yeye anabaki magurudumu yakizunguka palepale, kama mbuzi kwenye sakafu ya vigae.

"Beau, pneu zako ziko ngumu sana," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, Kifaransa cha kwetu cha kumwita shemeji, na pneu ni tairi. "Haziko zinashika chini."

Nilimjibu kwamba hajui kuendesha. Mke wangu akanitazama, nikarudi kwenye tanuri langu.

Ugumu ule ulikuwa na sababu, ila niliiona nimeshachelewa. Ghala letu tulilipanga nusu kwa nusu na kanisa la Wakongomani wenzetu, katikati ukuta wa mbao. Siku za wiki seremala wa upande wa mbele alimaliza umeme wote, kwa hiyo tanuri langu liliwaka Jumapili tu. Na tanuri likifunguliwa mvuke hupiga yowe la kumwamsha maiti. Pasta akaniomba nisilifungue watu wakiwa katika ibada, nami sikubisha. Mke wangu mwimbaji wa kwaya, ningebisha nilale wapi? Basi nikawa natia tairi kabla ya wimbo wa kwanza, nafungua pasta akishatoa baraka ya mwisho. Sikuangalia saa. Nikisikia "Amina" ile ndefu, najua tairi imeiva.

Ibada yetu haipungui saa tatu, sisi hatumharakishi Mungu. Mpira wa lori unavumilia. Mpira laini wa mashindano ulikuwa ukiungulia humo ndani, na mimi nikidhani naupa uimara.

Ikafika Jumapili ambayo nilibakiwa na mpira wa jozi moja. Mchana wake kulikuwa na mashindano nje ya mji, na wenye magari walikwisha sema kwamba shemeji akiteleza tena mbele yao hawataki kuziona tena tairi zangu. Nilitia zile mbili, nikakaa kwenye ndoo, nikaomba. Siombi sana, lakini siku ile niliomba mpaka koo likakauka.

Katikati ya mahubiri pasta alipigiwa simu: mtoto wake kaanguka ngazini. Akawabariki watu upesi upesi akakimbia. Nilisikia "Amina", na mkono wangu ukafungua valvu. Mkono wenyewe, mimi nilikuwa bado naomba. Mvuke ulipokwisha kutoka ndipo nilipotazama simu. Ilikuwa imepita saa moja na robo tu tangu wimbo wa kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki, na mvuke ndio kabisa.

Tairi huitambui kwa macho. Unaibonyeza kwa ukucha. Alama ikifutika imeiva, ikibaki ni mbichi. Nilibonyeza, nikasubiri. Alama ilibaki inanitazama.

Shemeji akaja na pikapu kuzichukua. Akabonyeza kwa kidole gumba, uso ukamng'aa.

"Sasa hii ndiyo pneu."

"Ni laini kidogo," nikasema.

Kidogo. Neno hilo nalichukia mpaka leo.

Uwanjani alizitia upepo haba, kama wafanyavyo wote, ili tairi ilale vizuri chini. Akazizungusha palepale juu ya maji yaliyomwagwa chini, ili zipate moto, mpaka moshi ukamfunika. Taa ikawaka, na gari likaondoka. Sijui niseme nini zaidi. Liliinua pua likaondoka, mwenzake akabaki nyuma, na mimi nikalia mbele za watu bila haya yoyote. Mwenye gereji moja ya barabara ya Umbilo akanishika bega akaniuliza zimetengenezwa wapi. Nikasema, kwangu.

Alipojipanga mstarini kwa mbio ya pili nilichutama kukagua. Tairi ya kulia, ukingoni, mpira ulikuwa umeanza kuachana na mwili wa tairi. Nilitia ukucha ukaingia, nikatia kidole kikaingia mpaka pingili ya kwanza. Nilijua. Nataka ieleweke kwamba nilijua, sikushuku. Mtu wa Umbilo alikuwa amesimama nyuma yangu na simu mkononi, akitaka namba yangu. Mke wangu alikuwa kwenye uzio akipiga makofi.

"Iko sawa, beau?" shemeji aliuliza kutoka ndani.

"Iko sawa."

"Sharp," akakubali, akashusha kioo cha kofia.

Mpira ulichomoka ukavuka mstari wa mwisho peke yake. Gari liligeuka mara moja, likaupiga ukuta kwa upande wa dereva, na kelele zote zikakatika. Mguu wake wa kulia walimkata chini ya goti jioni ileile.

Jumanne mtu wa Umbilo alipiga simu. Alitaka jozi mbili, kwa sababu alichokiona yeye ni lile gari linavyoondoka. Ajali, alisema, ni mambo ya mbio. Nikanunua saa ya ukutani. Sasa tairi zetu zinapikwa kwa dakika, na zinashika, na chapa yetu inajulikana katika kila uwanja wa mbio wa hapa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu bado inaendelea.

Jumatano ya wiki ileile nilikwenda hospitali. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani kote, moja baada ya jingine. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani kwa mdogo wake, amemshika mkono. Shemeji aliponiona aligeuza uso ukutani akaanza kulia.

"Beau, unisamehe," akasema. "Nilitoa upepo mingi sana. Ni mimi niliharibu pneu yako."

Mke wangu akanitazama, akingoja nimwambie mdogo wake kitu.

Nikamwambia nimemsamehe.