Neno Nililowafundisha Wengine

Wanafunzi wangu wa Kasulu walilipenda neno distopia siku ileile nilipowafundisha. Kufikia Ijumaa lilikuwa limeshachakaa. Umeme ukikatika, distopia. Ugali ukiwa mbichi, distopia. "Madamu, barabara ya kwetu Kibondo ni distopia tupu," alisema mmoja, darasa zima likaangua kicheko.

Nikawaka. Shida peke yake siyo distopia, niliwaambia. Distopia ni nchi ya kubuniwa ambako watu wamechungwa na kutishwa muda mrefu, mpaka askari hahitajiki tena. Kila mtu anauchunga mdomo wake mwenyewe, na wa mwenzake. Niliridhika sana na maelezo yangu.

Jumamosi nilikwenda kwa mama, Kagerankanda. Mama alivuka kutoka Burundi akiwa msichana. Leo ni raia, na cheti chake kiko kwenye nailoni chini ya godoro. Ni mtu wa stori. Akikutana na wenzake wa Kirundi hucheka mpaka machozi. Tulikuwa uani tunachambua maharage nilipomwona mwanamume mwenye kofia na daftari, anahesabu milango ya jirani. Milango ya watu anaihesabia nini?

"Akija, niachie mimi niseme," nilimnong'oneza mama. Hakuuliza kwa nini. Tangu nikiwa darasa la tano namwambia hivyohivyo: mbele ya mgeni, Kiswahili tu, tena maneno machache, wasije wakamsikia alikotoka.

"Hodi! Mnalala wangapi hapa?" aliuliza yule bwana.

"Nani anayeuliza?"

Alisema anaandikisha kaya kwa ajili ya vyandarua. Sikumwamini hata kidogo. Nilidai kitambulisho, nikakigeuza mbele na nyuma, nikailinganisha picha na uso wake. Bado nikampigia simu mwenyekiti wa kitongoji.

"Jamani, mwacheni baba wa watu," mwenyekiti alicheka. "Ni vyandarua kweli."

Niliona aibu, lakini siyo sana. Yule bwana hakukasirika. Aliandika alichoandika, akafunga daftari, kisha akamgeukia mama na kumsalimu kwa Kiha, lugha inayokaribiana sana na Kirundi, kama anavyosalimiwa kila mama wa huku.

"Mwakeye, mama!"

Mama alifungua mdomo kumwitikia, uso umeshachangamka. Halafu akaufumba. Akageuka, akanitazama mimi kwanza, aone kama namruhusu.