Kago la Bwana Shamba

Juzi huko Likombe nilimwona binti mtaalamu wa kilimo akivisha maua ya mkorosho vifuko vya karatasi, nikarudi utotoni papo hapo.

Alasiri moja shamba letu lilinuka mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyoiva kupita kiasi, na nyuki walivuma kila tawi. Bwana shamba alipanda ngazi, akapaka maua yetu unga wa maua ya mkorosho mwingine, kisha akayafunga vifuko huku akinong'ona. Leo najua alikuwa akihesabu tu. Alitafuta mbegu mpya, inayozaa sana na kuhimili maradhi. Mimi nilijua jambo moja: kinachofungwa mtini ni kago, dawa ya kulinda mali, na atakayekula tunda la mti huo atavimba tumbo.

Aliposhuka akachuma bibo. Nikapiga yowe, "Usile! Kago halichagui mtu!"

Bibi yangu, mwenye shamba, alitoka jikoni mbio. Alipoelezwa, alicheka hadi kanga ikamdondoka. "Mjukuu wangu, huyu anautafutia mkorosho wetu mume."

"Kweli kabisa, bibi," alisema bwana shamba, akiendelea kutafuna.

Nililikodolea macho tumbo lake mpaka akapanda baiskeli yake. Watoto wa jirani niliwahadithia yote, na Bibi hakuwakanushia. Msimu ule hatukuibiwa hata korosho moja.

Binti wa Likombe naye alinichumia bibo. "Karibu, mama."

Nilishukuru sana, nikasubiri aanze yeye.