Draiva Iliyobaki Ndani ya Diski

“Sasa baba yako umemfungia wapi?”

Mama aliniuliza hivyo akiwa ameketi kitandani, akitazama maandishi meupe kwenye kioo cheusi cha kompyuta. Ulikuwa mwezi wa pili wa eda yake, na sauti ya baba ilikuwa humo: darsa zote alizowasomesha akina mama wa mtaa wetu wa Bagamoyo, alizozirekodi mwenyewe pale chumbani.

Nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo niliitwa kukaa na mama hadi eda iishe, miezi minne na siku kumi. Kwa nini mjane asitoke? Kwa nini mwanamume asiye maharimu, anayeweza kumwoa, asivuke kizingiti? Na mimi, niliyefiwa na baba wala si mume, kwa nini nifungwe naye? Shangazi alinijibu mara moja tu: “Kusoma kote huko umeambulia ‘kwa nini’?”

Kwa kuchoka kukaa, nikaanza kuipunguzia mzigo kompyuta ya baba, iliyokuwa nzito kuwaka. Chuoni tulifundishwa kujitengenezea kerneli, kile kiini cha mfumo kinachoamka kwanza na kuamsha vingine. Unapewa orodha ndefu ya vifaa. Ukiandika Y, draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, inaingia ndani ya kerneli yenyewe. Ukiandika M, inawekwa pembeni, kwenye diski, iitwe ikihitajika. Nikaona ujanja ni kuandika M karibu kila mahali. Halafu nikaifuta kerneli ya zamani, kwa kiburi tu. Nilipowasha upya, mashine ikasema haioni diski.

Siku tatu niliamini nimemfuta baba. Mama hakunigombeza. Kila baada ya sala ya alasiri aliuliza, “Bado?” Alitaka darsa moja tu, ile ya saumu.

Siku ya nne nikampigia simu kijana niliyesoma naye chuo, akaja kwa pikipiki kutoka Chalinze. Mama akakataa asiingie, na akakataa kompyuta isitoke. Basi jamaa akakaa barazani chini ya dirisha, mimi nikimsomea kioo kwa sauti kama mwanafunzi wa madrasa kwa maalim.

“Shikamoo, mama,” alisema kupitia pazia.

“Marahaba, baba. Msaidie huyu msomi wetu.”

“Dada, kidhibiti cha diski umekiandika nini?”

Nikajifanya bado nasoma kioo.

“Usiniambie M.”

“M.”

Alicheka hadi majirani wakachungulia. “Draiva ya kusomea diski umeiweka ndani ya diski! Sasa kerneli itaifikiaje? Umefunga nyumba, ufunguo ukauacha sebuleni.”

“Mwambie asicheke sana,” mama alisema, “huku kuna msiba.”

“Samahani, mama. Hakuna kilichopotea, kila kitu kimo.”

Akanipitishia flashi yenye mfumo kamili kati ya nondo za dirisha. Tukawasha mashine kwa hiyo flashi, diski ikaonekana, na faili za baba zikajipanga kama alivyoziacha. Nikatengeneza kerneli upya. Safari hii nilipofika kwenye kidhibiti cha diski niliandika Y.

Nilipoibonyeza darsa ya saumu, baba akakohoa na kupiga bismillahi. Mama akageukia ukutani.

“Nenda jikoni,” akaniambia. “Funga mlango.”

Nikaenda, nimeudhika. Nilimwokolea mumewe, naye ananirudisha kwenye sufuria. Siku zilizobaki nilizihesabu moja moja, na eda ilipoisha nikaondoka keshoye.

Ilipita miaka kabla sijaisikiliza darsa ile hadi mwisho. Baba aliirekodi mwaka niliomaliza kidato cha sita. Akina mama wanaaga, viatu vinaburuzwa, naye amesahau kuzima. Kisha anasema, “Huyu akienda chuo Dar, hatarudi.”

“Na asirudi,” mama anajibu. “Mpeleke.”