Komeo la Chini

Makuti yakilowa mvua hunuka kama majani ya chai yaliyosahaulika birikani. Nikiipata harufu hiyo, hata barazani mwa hoteli za Diani, mkono wangu hutafuta komeo.

Nyanya aliihesabu miaka yake kwa dhoruba: aliolewa mwaka wa upepo uliong'oa minazi, akamzaa mamangu mwaka wa mafuriko. Nyumbani kwake Msambweni, upepo mkali ukija kutoka baharini, milango yote miwili ilifunguliwa.

"Huyu ni mgeni, mpisheni," alituambia. "Mkimfungia, atatokea juu."

Adhuhuri moja upepo ulipovuma tulifungua mlango wa mbele na wa nyuma, Nyanya akaketi na tasbihi yake. Lakini mvua ilikuwa ikiingia kwa nyuma na kuulowesha mkeka wangu mpya. Nikanyata, nikausukuma mlango wa nyuma, nikatia komeo la chini.

Paa liliondoka zima, kama kifuniko cha kawa juu ya sinia.

Majirani walipofika walitukuta tumelowa chapachapa, na mlango wa nyuma ungali umefungwa.

"Bibi," mmoja akashangaa, "wewe wa kufunga mlango kweli?"

Nyanya akaliangalia komeo, kisha akaniangalia mimi na mkeka wangu kwapani.

"Nilisahau, mwanangu. Uzee huu."

Wakampa pole, wakaanza kuokota makuti.

Tangu alipoanza kuugua mgongo, Nyanya hakuweza kuinama mpaka chini kule. Komeo lile nililifunga mimi kila siku.